Nasaba ya Mbwa na Wajibu wa Mwenyewe

Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema Waswahili. Nao hao husema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kati ya methali hizi mbili ndipo ulipo mjadala wa mbwa aina ya pitbuli katika viunga vya Washington. Kaunti ya Prince George's, inayopakana na jiji hilo, iliwapiga marufuku mwaka 1997. Mwaka 2012, katika kesi ya mtoto aliyejeruhiwa vibaya karibu na Baltimore, mahakama ya juu kabisa ya Maryland ilitamka kwamba pitbuli na machotara wake ni hatari kwa asili. Miezi michache baadaye ikawaondoa machotara katika hukumu hiyo. Hapo hoja ya asili ilipwaya: ikiwa hatari imo damuni, nusu ya damu huiondoaje, na nani ataipima kwa macho?

Hata hivyo, jeraha la mtoto haliponi kwa methali ya malezi. Sheria ya awali ilimtaka aliyeumwa athibitishe kwamba mwenye mbwa aliujua ukali wa mnyama wake. Mzigo mzito kwa mnyonge. Sheria ya 2014 iliugeuza: mbwa wa aina yoyote akijeruhi, mwenyewe huchukuliwa kuwa alijua, mpaka athibitishe vinginevyo. Huo ndio uadilifu wake. Kuilaumu nasaba humpumzisha mshika mnyororo. Mbwa hakuchagua wazazi wala bwana. Binadamu ndiye aliyemchagua mbwa, na aliyechagua ndiye wa kuulizwa.