Kama Kamera Ingezima

Oktoba 2013, kwenye kiwanja kidogo cha Greenogue, nje ya jiji la Dublin, Stephanie Roche alipokea krosi ukingoni mwa boksi. Akautuliza mpira, akauinua kwa mguu wa pili ukapita juu ya kichwa chake na beki aliyekuwa nyuma yake, akageuka, na kabla haujagusa nyasi akaupiga voli hadi wavuni. Alikuwa anachezea Peamount United dhidi ya Wexford Youths. Mashabiki hawakufika mia. Manze, hata matanga ya mtaani hujaza watu zaidi.

Bahati nzuri, upande wa Peamount walikuwa wanarekodi. Video ikaingia YouTube, mamilioni wakaitazama. Januari 2015 kule Zürich, Roche akawa wa pili katika Tuzo ya Puskás, nyuma ya James Rodríguez na mbele ya Robin van Persie.

Swali linalonisumbua: kamera ingezima dakika ile, bao lingekuwa nini?

Utasema lingekuwa tamu vilevile, kwamba uzuri hauhitaji mtazamaji. Nakubali, lakini nusu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na video kwenye simu. Mwambie hivyo mchezaji aliyefunga bao kama lile na likabaki vichwani mwa watu themanini, ambao leo hata hawaelewani alitumia mguu upi. Huyo hajanyang'anywa uzuri. Amenyang'anywa ushahidi, na bila ushahidi hakuna tuzo, hakuna skauti, hakuna hata ubishi wa maana kijiweni.

Chukua Peamount yenyewe. Klabu yenye jina la hospitali ya jirani, iliyofunguliwa 1912 kutibu kifua kikuu. Mwaka 2011 ilicheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake hadi ikakutana na Paris Saint-Germain, ikatolewa. Msimu wa 2011/12 ikawa bingwa wa kwanza kabisa wa Ligi ya Taifa ya Wanawake ya Ayalandi, kisha ikalitwaa tena 2019, 2020 na 2023. Miaka yote hiyo ya jasho, na wengi wetu tunaijua kwa sekunde chache tu.

Wengi huita hii stori ya bahati, hata mimi nimelitumia neno hilo hapo juu. Nalifuta. Bahati ni upepo kupinda mpira. Uwanja kukosa kamera ni bajeti, na bajeti huandikwa na mtu. Aprili 2017, wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake ya Ayalandi walisimama hadharani wakaeleza jinsi walivyokuwa wakibadilisha nguo kwenye vyoo vya uwanja wa ndege, kwa sababu traksuti zilikuwa za kugawana na timu nyingine. Hakuna upepo uliofanya hayo.

Mwaka 2024 FIFA ikaanzisha tuzo ya pekee kwa bao la mwanamke, Tuzo ya Marta. Sasa kila mwaka lazima mwanamke ashinde, na mabao mengi zaidi yatatafutwa na kuonyeshwa. Sawa kabisa. Ila Roche alimpita van Persie kwenye orodha moja, kura zilezile, na kwa mpango huu mpya hilo haliwezi kutokea tena. Nimelipima mara kadhaa, na bado mkono wangu unasita kupiga makofi.