Upana Si Utajiri

Wajukuu zangu mnaojifunza kuunda gemu hapa Keringet, nawasikia mkibishana ni nani atakayeumba ulimwengu mpana kumshinda mwenzake. Nisikilizeni, kisha mkaamue wenyewe.

Upana haujawahi kuwa kazi ngumu. Mwaka 1996 ilitoka gemu ya Daggerfall, yenye nchi ya takriban kilomita za mraba 160,000, zaidi ya mara 20 ya kaunti yetu ya Nakuru. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ilipangwa na kompyuta kwa kanuni, ndiyo maana vijiji vyake vinafanana mno. Kwa kawaida mchezaji haitembei nchi hiyo kwa miguu; hugusa ramani akatokea aendako. Sasa itazameni Yakuza, ya Wajapani, iliyotoka mwaka 2005. Uwanja wake mkuu ni mtaa mmoja tu, Kamurocho, ulioigwa kutoka Kabukicho, Tokyo. Unauvuka kwa dakika chache, lakini vichochoro vyake vimejaa mikahawa, ugomvi na watu wenye shida zao. Mtaa huo umerudi katika gemu nyingi zilizofuata, na wachezaji bado wanaurudia.

Kipimo chenu kiwe barabara yetu ya kutoka Molo hadi Olenguruone. Anayeipita kwa miguu huona viazi vikipakiwa kwenye lori, kisha maziwa yakisubiriwa kando ya njia, na mbele zaidi majani chai. Kila mwendo una jipya la kumsimamisha. Gemu yenu ikimfanya mchezaji atafute njia ya kuiruka safari, jueni mmeipanua kupita kiasi. Punguzeni.

Simaanishi kwamba mjaze kila pembe. Shadow of the Colossus, ya mwaka 2005 pia, ina nchi tupu na majitu 16 pekee ya kupigana nayo. Utupu ule uliwekwa makusudi, ili mchezaji auonje upweke wa safari. Utupu wa makusudi ni ufundi. Utupu wa kuishiwa la kusema ni uvivu.

Tena wakumbukeni wachezaji wenu. Wengi wao wana simu yenye nafasi ndogo na bando la kununua kwa shilingi. Kila kilomita isiyo na kazi, wao ndio wanaoilipia.

Basi anzeni na soko moja. Mpeni mwenzenu alicheze, nanyi mkae kimya mkimtazama. Akiuliza njia ile inaelekea wapi, ongezeni njia hiyo. Asipouliza, rudini sokoni mkafanye kazi.