TAFAKURI YA RAMADHANI: Umeonyesha Kazi Yako, Marafiki Wamenyamaza



Ndugu zangu, leo najibu swali la dada yetu mmoja, kwa ruhusa yake. Ameandika kitabu kidogo cha hadithi za watoto wa madrasa. Miaka miwili anaandika usiku watoto wake wakishalala. Akadunduliza, akapeleka steshenari, zikatoka nakala 50. Akatuma picha ya jalada kwenye grupu la marafiki zake. Tiki zote zikageuka bluu. Mmoja akaweka kidole gumba. Mwingine akaandika, "Siku hizi kila mtu mwandishi." Kisha maneno yakarudi kwenye nani analeta tambi kwenye futari ya Jumamosi.

Anauliza: "Sheikh, hii si hasad? Nijitoe kwenye grupu? Maana kusema kweli nakala zilizobaki nimetamani kuzichoma."

Tuanze na Qur'ani. Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11, Allah anatukataza kudharauliana, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwa kuwa huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka. Aya hiyo inamhusu aliyeandika lile neno. Aliliona ni utani, lakini limetaka kuchoma kazi ya miaka miwili.

Shida ni kwamba wengi wetu tukishafika hapo tunafunga msahafu. Aya ya 12, inayofuata palepale, inatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Hiyo, dada yangu, inakuhusu wewe uliyeumizwa.

Hasad ipo, na tunajikinga nayo kwa Sura Al-Falaq. Lakini mitaani kwetu, kuanzia Tandika mpaka Tandale, neno hili limekuwa jepesi mno. Asiyekusifia ana hasad. Asiyenunua ana hasad. Aliyeona kosa ukurasa wa tatu, naye ana hasad! Hasad ni mtu kutamani neema uliyonayo ikuondoke. Hilo ni la moyoni, na tiki ya bluu haikuonyeshi moyo wa mtu.

Huenda mmoja amefungua ujumbe wako akiwa amebanwa mlangoni kwenye daladala ya Mbagala. Mwingine hajui aseme nini juu ya kitabu, anaogopa kuonekana mjinga. Mwingine kweli kimemuuma, lakini si kwa kukuchukia: naye alikuwa na jambo lake alilolitamani, akaliacha njiani, na kitabu chako kimemkumbusha. Huyo anahitaji dua yako zaidi ya lawama. Na yupo aliyeona kasoro ya kweli akaona haya kusema. Huyo mtafute. Mwambie faragha, "Niambie ukweli, wapi pamepwaya?" Ana faida kwako kuliko wapiga vigelegele kumi.

Na aliyekejeli kweli, tumfanyeje? Tazama Sura Hud, aya ya 38. Nabii Nuhu (a.s.) anaunda jahazi, na kila wakubwa wa watu wake wakimpitia wanamcheka. Aliwajibu neno, hakuwa bubu. Lakini kazi haikusimama. Angeweka zana chini kila anapochekwa, jahazi lisingeisha.

Karibu na sisi, chukua mfano wa Siti binti Saad wa Unguja. Leo sizungumzii hukumu ya muziki, hilo lina darsa lake. Natazama subira. Alizaliwa Fumba, katika nyumba ya wafinyanzi masikini, akawa anatembeza vyungu mjini. Alipoanza kupata jina kwa uimbaji, watu wakamtungia wimbo wa kumsimanga: ametoka shamba, amevaa kaniki, tangu lini naye akawa mtu? Naye akajibu kwa kazi yake ileile, kwamba sura si hoja. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake. Waliomsimanga hatuwajui hata majina, na wimbo wao wenyewe unakumbukwa kwa sababu ya Siti.

Sasa swali gumu. Kitabu hiki ulimwandikia nani?

Kutamani neno zuri si dhambi. Mtume wetu (s.a.w.) aliposhuka kutoka Hira akitetemeka, alimkimbilia Bi Khadija (r.a.), naye akamtuliza. Lakini zingatia: alimwendea mtu mmoja anayemjua, hakuuendea mji mzima. Jambo lako likiwa bado changa, chagua wa kumwonyesha. Si kila rafiki wa futari ni rafiki wa kitabu, na hilo halimfanyi kuwa adui.

Kisha itazame saumu yako. Saa nane mchana, jua la Dar linawaka, umeingia bafuni peke yako na bomba lipo. Hakuna anayekuona, na hunywi. Hakuna wa kukupigia makofi, na kesho unafunga tena. Ndiyo maana katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Allah anasema funga ni Yake na Yeye ndiye mwenye kuilipa. Kama unaweza kufunga siku nzima bila kusifiwa na mtu, unaweza pia kuandika ukurasa mmoja bila kusifiwa.

Kwa hiyo, dada yangu, usichome nakala na usijitoe kwenye grupu. Chukua kitabu upeleke madrasa, uwasomee watoto hadithi moja. Angalia wapi wanacheka na wapi wanapiga miayo. Hao ndio uliowaandikia.

Na sisi wengine, leo tufanye mawili.

1. Kabla ya kufuturu, muombee dua rafiki aliyekuvunja moyo, bila yeye kujua. Katika Sahihi Muslim tumefundishwa kuwa malaika huitikia amin na kukuombea wewe mfano wake.

2. Fungua simu yako, rudi nyuma. Nani alikutumia kazi yake ukaiona ukanyamaza? Mwandikie leo sentensi moja ya kweli.

Ewe Mola, zitakase nia zetu, zilinde ndimi zetu, na utupe marafiki wanaotukumbusha Wewe. Utukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.