Dirisha la Treni na Deni la Jina

Ukitaka kuiona Marekani usipande ndege, panda treni. Ile iitwayo California Zephyr hutoka Chicago hadi Emeryville, jirani na San Francisco: karibu kilometa 3,900, zaidi ya saa 50. Kuna behewa lenye madirisha makubwa yanayopanda hadi darini, abiria wanakaa tu kutazama. Mashamba ya Iowa, milima ya Rocky, mto Colorado, jangwa la Nevada, kisha Sierra Nevada. Raha si mchezo!

Sasa ndugu msomaji, swali langu: raha hii haina deni?

Usicheke. Njia ya Sierra ilichongwa kwenye mwamba miaka ya 1860, na wengi wa waliochonga ni Wachina. Walilipwa chini ya wazungu. Juni 1867 wakagoma. Wakubwa wakawakatia chakula, mgomo ukafa baada ya wiki moja hivi. Mwaka 1869 reli ikaunganishwa. Mwaka 1882 ikapitishwa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Shukrani ya punda hiyo, mateke.

Najua utanijibu: "Acha hizo, bwana. Wafu hawalipwi. Ukiisusa treni nani atashiba?" Nakubali. Kususa hakumshibishi mtu. Lakini hebu ngoja kidogo.

Daftari za malipo za reli ile ziliandika zaidi majina ya manyapara wa Kichina. Vibarua wenyewe wengi hawamo. Na baadaye, kwenye mabehewa ya kulala ya Pullman, walihudumu watu weusi, wa mwanzo wao wakiwa watumwa walioachwa huru. Abiria waliwaita wote "George", eti kwa kuwa mwenye mabehewa ni George Pullman. Ni yaleyale ya mtumwa kubeba jina la bwana wake.

Utasema, jina ni kitu gani mbele ya mshahara? Ni kitu. Asiye na jina haingii kwenye mkataba. Wahudumu wale waliunda chama chao mwaka 1925, wakiongozwa na A. Philip Randolph. Walisota miaka 12 mpaka kampuni ikatia saini, 1937. Saa za kazi zikapungua, mshahara ukapanda. George anaagizwa tu. Anayedai na kulipwa ni mtu mwenye jina lake.

Kwa hiyo kukaa dirishani si dhambi. Dhambi ni kudhani mlima ulijitoboa wenyewe. Ujira wa wale waliokufa hatuwezi kuurudisha. Ila anayekutandikia kitanda leo yu hai, ana jina, na ana mshahara unaoweza kupiganiwa. Deni la wafu hulipwa kwa walio hai.

Nasi tunaojifunza kuandika tujihadhari. Tukisifia mandhari tukasahau mikono, tutakuwa wale wale abiria, tunaita kila mtu George.