Uaminifu kwa Kitu cha Kale

Je, chombo kilichobadilishwa kiungo baada ya kiungo kingali chombo kile kile? Plutarch alilieleza swali hili kwa habari ya merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliitia ubao mpya kila wa zamani ulipooza. Nasi tunalikuta uani kwetu, tunapoifufua pikapu ya Peugeot 404, aina iliyotoka mwaka 1960 na ambayo magari yake ya abiria yalishinda Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968.

Kuondoa kutu na kuziba sakafu iliyotoboka, hapana alaumuye. Ubishi huzuka tunapoiongezea isiyozaliwa nayo: mikanda ya usalama, au breki za diski badala ya za dramu. Wako wasemao kwamba huko ni kuivunjia heshima asili yake.

Sisi hatuafiki. Breki za dramu hupata moto katika mteremko mrefu, zikapungua nguvu. Za diski hupoa upesi zaidi. Azishikiliaye kwa ajili ya asili tu, hali anapakia watu, amethamini chuma kuliko roho. Na aongezaye nguvu za injini akaziacha breki zilivyo amekosa zaidi.

Pikapu iliundwa ibebe na ifikishe salama. Kuilindia kazi hiyo si kuisaliti. Wajibu uliobaki ni ukweli: atakayeinunua kesho aambiwe lipi la kale na lipi jipya.