Picha Hii Umeipokea kwa Nani?



Ijumaa moja muhula uliopita, mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja hosteli aliingia msikitini amevaa fulana ya mitumba aliyoinunua Owino. Mbele ilikuwa na picha ya mwanamke aliyeinua bendera, nguo imemteremka mabegani, miguuni pake maiti zimelala. Juu ya picha kulikuwa na maneno meupe, kama yaliyopakwa kwa brashi. Mzee mmoja alimwita kando akamwambia kwa upole, "Mwanangu, igeuze hiyo ndani nje, kisha uswali." Akaigeuza. Tulipotoka nikamwuliza, "Hivi yule mwanamke ni nani?" Akajibu, "Ni wa Coldplay."

Jibu hilo halikunitoka kichwani. Sisi tunaosoma elimu ya hadithi tumezoeshwa kuuliza kila tunaposikia neno: umelipokea kwa nani? Nikaamua kuifanyia fulana ile kazi hiyohiyo. Hukumu ya muziki na ya picha maulamaa wamezieleza, na si mada yangu leo. Swali langu ni hili: kazi ya mtu ikinifikia bila jina lake, je, ninadaiwa chochote?

Nilianza na mpokezi wa karibu. Fulana imetoka kwenye jalada la albamu ya Coldplay, bendi ya Uingereza, ya mwaka 2008. Maneno yale meupe, Viva la Vida, si yao. Ni jina la picha ya matikiti maji aliyoichora Frida Kahlo wa Mexico, ambaye alifariki mwaka 1954. Na mwanamke mwenye bendera si wao wala si wa Kahlo. Ni wa Eugène Delacroix, Mfaransa, aliyemchora mwaka 1830, na picha yenyewe iko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Mwanamke huyo si mtu aliyewahi kuishi. Ni mfano wa Uhuru, anawaongoza watu wa Paris walioinuka siku tatu, tarehe 27 hadi 29 Julai 1830, wakamwondoa mfalme Charles X.

Hapo ndipo nilipokaa kitako. Julai 1830! Kila aliyesoma historia ya Waislamu wa Afrika Kaskazini anaijua Julai hiyo. Tarehe 5 ya mwezi uleule, jeshi lililotumwa na Charles X huyohuyo liliuteka mji wa Algiers. Wafaransa wakamfukuza mfalme, lakini mji aliouteka hawakuurudisha. Algeria ilingoja hadi mwaka 1962. Delacroix mwenyewe alifika Morocco na Algiers mwaka 1832, na miaka miwili baadaye akaonyesha picha ya wanawake wa Algiers wakiwa ndani mwao. Basi yule mwanamke wa fulana aliinua bendera ya uhuru wa Paris katika mwezi ambao Waislamu wa Algiers walipoteza wao. Mwenzangu alikuwa ameibeba habari hiyo yote kifuani, na alichokijua ni jina la bendi.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya isnadi: jina la mwenye kazi linaporudi, maana nayo hurudi. Anayekata jina humpunja msomaji pia.

Nikaendelea. Nikakuta albamu nyingine ya Waingereza, ya kundi la New Order, ya mwaka 1983. Jalada lake ni kapu la waridi, na mbele halina jina la kundi wala la albamu. Waridi hizo alizichora Henri Fantin-Latour, Mfaransa aliyefariki mwaka 1904, na picha iko National Gallery, London. Msanifu wa jalada, Peter Saville, aliikuta katika postikadi. Kutoka kwenye turubai ya mwaka 1890 ikaenda kwenye postikadi, kutoka postikadi ikaenda kwenye jalada, na mwaka 2010 posta ya Uingereza ikalitia jalada hilo kwenye stempu. Leo wengi wakiziona waridi hizo hulitaja kundi, si mchoraji.

Sasa fikiri, ndugu yangu. Kama fulana ya mwenzangu ingekuwa na waridi hizo, yule mzee asingesema neno. Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mchoraji aliyemjia kwamba, kama hana budi, achore miti na visivyo na roho. Waridi zingepita msikitini salama, nasi tungeridhika. Tumezoea kuuliza kama kitu kinaruhusiwa, na tukishajibiwa ndiyo, hatuulizi ni cha nani.

Nalijua hilo kwa sababu nami nilifanya hivyo. Kabla ya Ramadhani iliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza bango la mhadhara wa jumuiya yetu. Nilipata kwenye simu khati nzuri sana, ikatumwa kutoka kundi hadi kundi. Chini kushoto kulikuwa na maandishi madogo, saini ya mwandishi. Nembo yetu ilihitaji nafasi, nikaikata saini. Bango likasifiwa, nami nikaitikia "alhamdulillah" nikanyamaza. Khati haina kiumbe chenye roho, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kitu.

Baadaye nilisoma kwamba katika mila ya Kiothmani mwanafunzi wa khati hakuruhusiwa kutia saini mpaka apewe ijaza na mwalimu wake, ambaye naye aliipata kwa wake. Kwa hiyo nilichokikata hakikuwa jina tu. Ilikuwa silsila ya walimu. Na Mtume (s.a.w.) amemfananisha anayejionyesha kuwa na alichonyimwa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Mwenzangu alivaa fulana moja bila kujua. Mimi nilivaa mbili, na nilijua.

Kuna watakaosema: mwenye kazi amekufa, na sheria imeiachia huru. Muda wa malipo huisha, ni kweli. Lakini hata sheria ya Ufaransa, nchi ya Delacroix, inasema haki ya kutajwa haina mwisho. Nasi tunaoamini Siku ya Hesabu hatuwezi kushikilia chini ya hapo. Wengine watasema: Delacroix si Muislamu. Qur'ani imetuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, sembuse mtu ambaye hatujamchukia. Na wengine watasema kwamba aliyefanya kwa ikhlasi hahitaji kutajwa. Naam, lakini ikhlasi ni yake yeye. Akilificha jina lake mwenyewe, ni ibada. Nikilifuta mimi, ni dhuluma.

Al-Qurtubi, mwanzoni mwa tafsiri yake, aliihesabu kuwa baraka ya elimu kuinasibisha kauli kwa aliyeisema. Sioni kwa nini iwe kwa kauli tu na isiwe kwa kazi ya mkono.

Nilijaribu kurekebisha. Nakala yenye saini nilikuwa nimeshaifuta. Nikaitafuta picha kwenye intaneti, nikakuta nakala nyingi, zote zimekatwa palepale nilipokata mimi. Moja ilikuwa na kipande cha nembo yetu bado ukingoni, na juu yake nembo ya jumuiya ya chuo kingine. Walikuwa wamepokea kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa mpokezi dhaifu katika sanadi ile, na mpaka leo sijaweza kumpata mwandishi nikamwomba radhi.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Kabla hujatuma picha, khati au shairi, tafuta mwenyewe, umwandike chini hata kwa herufi ndogo. Usipompata, sema kwamba hujampata. Na ukikuta saini, usiikate. Sogeza nembo.

Mwenzangu bado anaivaa ile fulana hosteli. Ukimwuliza siku hizi, atakutajia Delacroix, Paris na Algiers, kisha atakwambia aliuziwa kwa bei gani Owino.

Allah atusamehe tulivyokata, na amlipe kheri kila aliyetufikishia kitu chema ambaye jina lake hatulijui, Naye analijua. Wallahu a'lam.