Unaujua Moyo wa Mgeni



Vijana wenzangu, leo nataka kuwasimulia jambo ambalo mwaka ule lilipotokea sikumwambia mtu, hata nyumbani.

Nilitoka Tanzania kwenda Nairobi kusoma falsafa. Basi kutoka Arusha, mhuri wa pasipoti pale Namanga, na kufikia jioni nilikuwa "mwanafunzi wa kigeni". Nilijiambia ugeni wenyewe utakuwa mdogo tu. Jirani hawa, Kiswahili kile kile. Kumbe! Nikisema "samahani, naomba chai", wenzangu wanacheka, maana wao wanasema "nipe chai" na hakuna anayekasirika. Hilo nililizoea.

Darasani ndipo palipokuwa pagumu. Mimi ni mtoto wa shule ya msingi ya Kiswahili. Sekondari tulisoma kwa Kiingereza, lakini mwalimu akiona tumekodoa macho alirudi kwenye Kiswahili. Sasa ni Aristotle kwa Kiingereza, na mjadala unakwenda mbio. Kabla sijamaliza kupanga sentensi kichwani, wenzangu wameshahamia hoja nyingine. Nikaamua kunyamaza. Mtihani wa kwanza wa mantiki nikafeli. Ile karatasi niliikunja nikaificha ndani ya Breviari, na usiku nikaanza kufikiria namna ya kumwandikia mlezi wangu kwamba labda huu si wito wangu.

Frateri mmoja Mkenya aliniona. Akasema, "Leo jioni tusome pamoja." Nikajibu, "Niko sawa." Kesho yake akarudia, nami nikarudia. Siku ya tatu hakuuliza. Alikuja na chupa ya chai na vikombe viwili, akaketi, akasema, "Nieleze kwa Kiswahili kwanza. Ukishaelewa, Kiingereza kitafuata." Tulifanya hivyo muhula mzima. Mtihani uliofuata nilifaulu.

Baadaye nilisoma maisha ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, nikakuta naye alikuwa mwanafunzi wa ugenini. Mwitaliano, alisoma Paris, na mwaka 1248 akaenda Köln pamoja na mwalimu wake, Mtakatifu Alberto Mkuu. Alikuwa mnene na mkimya, hata wenzake wakambandika jina la ng'ombe bubu. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alimhurumia, akajitolea kumfundisha somo. Tomaso hakusema "niko sawa". Alishukuru, akaketi, akasikiliza. Siku moja yule mwenzake akakwama katikati ya maelezo, na Tomaso akamfafanulia kwa upole, kupita hata alivyofafanua mwalimu. Alberto alipogundua uwezo wake alimpa nafasi ya kujibu hoja mbele ya wote, kisha akawaambia kwamba mlio wa ng'ombe huyu utasikika duniani kote. Mwaka 1880 Papa Leo XIII alimtangaza kuwa msimamizi wa shule na vyuo vikuu vya Kikatoliki.

Ona basi. Tomaso alipokea msaada ambao pengine hakuuhitaji. Mimi niliukataa ule niliouhitaji sana. "Niko sawa" yangu haikuwa nguvu, ilikuwa kiburi kilichovaa kanzu ya upole.

Lakini wapendwa, hilo silo linaloniuma zaidi.

Mwaka wa pili alikuja mwanafunzi kutoka Kongo. Elimu yake yote alikuwa ameipata kwa Kifaransa. Aliketi nyuma, kimya. Nilisema moyoni, "Huyu ni mpole." Tena alitoka mashariki ya Kongo, Kiswahili anakijua! Yaani ningeweza kumfanyia kile kile nilichofanyiwa: chai, vikombe viwili, "nieleze kwa Kiswahili kwanza". Baada ya likizo ya Noeli hakurudi. Sijui kama ningemwuliza angebaki. Ninachojua ni kwamba sikumwuliza.

Katika Kutoka 23:9 Mungu anawakataza Waisraeli kumwonea mgeni, na sababu anayowapa ni kwamba wao wenyewe waliwahi kuwa wageni Misri, kwa hiyo wanajua mgeni anavyojisikia moyoni. Mungu anawakumbusha kwa sababu anajua binadamu akishapata nafuu husahau haraka. Mimi nilisahau ndani ya mwaka mmoja. Siku hizi, katika sala ya Nakuungamia, tukifika kwenye kutotimiza wajibu, naliona lile dawati la nyuma.

Sasa tuzungumze mimi na wewe. Kama wewe ndiye mgeni chuoni, mtu akikuambia "tusome pamoja", itikia. Mwambie mwalimu kwamba hujaelewa. Mwambie padre mlezi kwamba unaumia. Kupokea msaada hakukupunguzii kitu, nako ni kujifunza.

Na kama umeshazoea, una marafiki, unajua chakula cha bei nafuu kinapatikana wapi, geuka utazame nyuma. Mgeni si lazima awe na pasipoti. Aliyetoka Kigoma kuja Dar es Salaam kwa mara ya kwanza ni mgeni pia. Wana-TMCS, tusingoje aje mwenyewe kwenye jumuiya. Na akijibu "niko sawa", usiamini haraka. Rudi kesho. Siku ya tatu nenda na chai.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyekimbizwa Misri ukiwa mtoto, unajua ugeni ni nini. Utupe unyenyekevu wa kusaidiwa, na macho ya kumwona aliyenyamaza. Umlinde popote alipo yule ambaye hatukumwuliza. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, utuombee. Amina.

Tukumbukane katika sala.